Sinunui, Fundi Aliyelidharau Duka

Wasifu huu ni wa pili. Wa kwanza waliuandika wanaume wa ukoo, wakamwita marehemu mpole, mpenda watu, mkarimu kwa wote. Dada yake mkubwa alipopewa ausome, aliusoma mpaka mwisho, kisha akauliza huyo anayezikwa ni nani, maana kaka yake hakumwona humo. Wakamwambia basi andika wewe. Ameandika. Asiyependezwa na avumilie, maji ya kunywa yapo kwenye ndoo pale mlangoni.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Aprili 1957, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa ghala na mshona nguo. Chumba kile kilitetemeka kutwa kwa ngurumo za mashine, na dada mtu anaamini ndipo nati za kichwa cha kaka yake zilipolegea. Alipokuwa na miaka minane alivunja mguu wa cherehani ya mama, kile kibapa kidogo kinachokanyaga kitambaa. Badala ya kusema, akachukua mpini wa kijiko, akaukata, akaupiga tupa, akaufunga mahali pake. Cherehani ikashona, ila ilishona upande. Mwaka mzima kila upindo uliotoka nyumba ile ulikwenda kama njia ya mlevi. Mguu mpya uliuzwa duka la ng'ambo ya barabara, lakini mama akapita kwa majirani akiwaonyesha kile kijiko na kusema mwanawe ana kipaji. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Dada mtu, aliyekwenda shule na sketi iliyopinda, hakuulizwa maoni yake.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na reli, akamaliza mwaka 1970, si wa mbele wala si wa nyuma. Mwaka 1974 akaingia chuo cha ufundi kusomea magari. Huko siku moja mwalimu alimtuma stoo akalete kivutio, chombo cha makucha matatu cha kung'olea beringi. Hakwenda stoo. Alijifungia karakana, na kesho yake akarudi na kivutio alichokitengeneza mwenyewe. Mwalimu akakipima, akamwonyesha kwamba ukucha mmoja ni mfupi, kwa hiyo beringi itatoka upande na kukwaruza ekseli. Marehemu akajibu kwamba kilichokosea ni kipimo. Wakabishana mbele ya darasa zima, na mwisho wake akamwita mwalimu mtu wa kununua. Akaondoka chuoni mwaka 1976 bila cheti, akasema cheti nacho ni kitu cha kununua.

Hilo tusi alilibuni siku ile na likakaa kinywani mwake mpaka mwisho. Kilichokuwa kizuri machoni pake kiliitwa cha mkono. Kingine chote kilikuwa cha kununua, hata kama hakuna duka linalokiuza. Kulikuwa na kicheko cha kununua, salamu za kununua, machozi ya kununua. Mtu akimwambia pole ya homa alikuwa na uwezo wa kumwuliza kama hiyo pole ameinunua wapi.

Mwaka 1982 alifungua gereji yake, banda la mabati lenye shimo la kuingilia chini ya magari, lililopakana na chumba chake cha kulala kwa ukuta mmoja wa matofali. Muuza vipuri wa pale kona ndiye aliyembatiza jina la Sinunui, kwa kuwa alikuja dukani kwake kuangalia vifaa, kuvishika, kuvigeuza na kuvicheka, kisha akarudi gerejini kuchonga vyake. Alivitundika ukutani na kuvipa majina ya watu. Kivutio chake kikubwa kilikuwa Shemeji, kwa sababu kikishakamata hakiachii. Mwenye jina yuko hapa, na anajijua. Spana nyembamba iliyopindwa mara mbili ilikuwa Jirani, kazi yake kupenya mahali isipoalikwa. Mtaimbo mfupi, mzito, wa kugonga kwanza na kuuliza baadaye, ulikuwa Dada. Dada mtu alipoambiwa alisema angalau huo unafanya kazi.

Haki lazima isemwe, hata ikimkera anayeisema. Vingine vilikuwa vizuri kweli. Kulikuwa na chombo alichokichonga kwa jani la springi la lori, cha kung'olea nozeli zilizoganda kwenye kichwa cha injini, na mafundi walitoka mbali kukiazima. Hakumpa mtu. Aliwaambia watengeneze vyao. Mafundi hao leo wamejipanga pale kivulini wakimwita gwiji. Dada mtu amesikia. Anakumbuka pia walivyokuwa wakimwita kichaa wa vyuma, na waliokuwa wakisema hivyo kwa sauti kubwa zaidi ndio waliobeba mashada makubwa zaidi.

Na walikuwa na sababu ya kumwita kichaa. Mteja aliacha gari asubuhi kwa kazi ya kumalizika mchana. Alirudi jioni, akakuta gari limelala lilivyolala, ila ukutani kuna chombo kipya. Alirudi kesho, chombo kile kimeboreshwa. Gari la mtu lilikuwa sababu tu ya kutengeneza spana. Kisha kulikuwa na kile kibanio cha springi, alichokiunga kwa vyuma vya kitanda kibovu. Kiliachia mchana kweupe, springi ikapaa, ikatoboa paa, ikaenda kuangukia uwanja wa watu. Kichwa cha mtu kiliponea chupuchupu. Marehemu akatazama juu, akaona mbingu kupitia tundu, akasema unaona sasa, bati la kununua. Hakuliziba. Aliweka ndoo chini yake, na ndoo ile ikawa inasubiri mvua kila mwaka.

Jumamosi tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na msusi wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye subira ambayo dada mtu hajawahi kuielewa wala kuitamani. Pete aliichonga mwenyewe kwa nati ya chuma cha pua, akakadiria kidole kwa macho. Ilipita kwa sabuni na haikutoka tena. Mwaka 1991 mkewe alipokuwa mjamzito, mwili ukavimba na kidole kikawa cheusi. Hospitalini muuguzi alikwenda kuleta mkasi wa kukatia pete, na marehemu akachomoa mfukoni kitu chenye meno alichokitengeneza asubuhi ile. Mkewe hakupandisha sauti. Alimwambia, "Ukinigusa na hicho, narudi kwetu na mtoto wako tumboni." Muuguzi akakata pete mara moja, kwa mkasi wa kununua, na marehemu hakumsemesha tena muuguzi yule mpaka wanatoka. Pete aliyoivaa mjane leo aliinunua mwenyewe dukani. Ina miaka zaidi ya thelathini na inatoka na kuingia bila vita.

Mtoto aliyezaliwa ni binti, wa pekee. Alitambaa kwenye vumbi la gereji, akajua nati kabla hajajua herufi. Baba alimfundisha, na alimfundisha vizuri, hilo nalo lisemwe. Binti alikwenda chuo, akamaliza, akaajiriwa kwenye karakana kubwa ya mjini, ambako kila chombo kina droo yake na kila droo ina kufuli. Akajipatia vyombo vyake kidogo kidogo, na Jumapili moja akaja navyo nyumbani ndani ya sanduku jekundu. Alikuwa amevifuta mafuta. Alilifungua sanduku mbele ya baba yake kama mtu anayefunua mtoto mchanga.

Baba alitazama. Alichukua boksi spana moja, akaigeuza, akairudisha. Kisha akafunga kifuniko kwa ncha ya kiatu, akawaambia wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi, "Mwoneni fundi wa kununua."

Wakacheka. Binti naye akacheka, kwa kuwa afanyeje. Jina likamganda. Watu waliomjua tangu yuko uchi wakaanza kumwamkia hivyo barabarani, wakidhani ni mzaha wa baba na mwana. Haukuwa mzaha. Binti alikuwa anafungua injini ambazo baba yake hajawahi kuzigusa, akawa na mafundi chini yake, na kila Jumapili alikuja kukaa kwenye kiti kile cha mbao mlangoni pa gereji, akimweleza baba kazi aliyoifanya wiki ile, akisubiri neno moja. Alitaka aitwe fundi. Si bingwa, si hodari, fundi tu, bila mkia. Shangazi yake aliliona hilo mapema, akamwambia kaka yake ana kwa ana kwamba neno hilo halina gharama. Marehemu alijibu kwamba ndiyo maana watu wanaligawa ovyo.

Mwaka 2022 kifua kilianza kumbana. Alikuwa amesaga chuma na kuchomelea miaka arobaini akijifunga kitambaa cha shati kuukuu puani, kwa kuwa barakoa ni za dukani. Daktari alimwambia mapafu yamejaa makovu. Alipewa masharti, akayacheka. Sikio la kufa halisikii dawa. Ilipofika hatua hawezi kuvuka chumba bila kusimama, binti alileta mashine ya hewa, akaiweka kando ya kitanda. Marehemu aliitazama siku nzima kama mtu aliyeletewa mke mwenza, na mkewe alipotoka kwenda sokoni akaifungua ili aunge kiungio bora zaidi cha mpira wake. Walimkuta midomo imegeuka rangi, bisibisi mkononi. Binti alirudisha kila kitu mahali pake. Baba alipopata sauti alisema kwamba sasa hata pumzi anavuta za kununua. Dada mtu alicheka, na hajutii.

Mwaka huu, mwezi huu wa Februari, basi dogo la shule lilikuwa gerejini, na marehemu alikuwa ameng'ang'ania kulimaliza mwenyewe. Puli ya injini iligoma kutoka. Alimfunga Shemeji, kile kivutio chake, akakaza, akakaza tena, na ukucha mmoja ukakatika. Ni kosa lile lile la chuoni, la ukucha mfupi, dada mtu anaapa. Wakambeba kumrudisha kitandani. Jumapili binti akaja, akaingia shimoni na kivutio chake cha sanduku jekundu. Upande wa pili wa ukuta, marehemu alilala akisikiliza. Mkewe alikuwepo, na dada yake alikuwepo. Walisikia chuma kikilia kidogo, kikanyamaza, kisha kitu kizito kikaachia taratibu. Baada ya muda injini ikawaka, ikatulia, ikanguruma sawasawa. Marehemu aliisikiliza mpaka ikazimwa. Aliijua injini nzima kwa sikio, kwa hiyo alijua kilichofanyika.

Binti akaingia, mikono imejaa grisi, akasimama mlangoni.

"Umetumia nini?" baba akauliza.

"Changu, baba."

"Cha kununua."

"Ndiyo. Cha kununua."

Mke akasema polepole, "Mume wangu, mwambie mtoto neno."

Marehemu akamtazama binti yake mikono. Akasema, "Kafunge mlango wa gereji, vumbi linaingia." Akageukia ukutani, akajifanya amelala. Dada yake anamjua akijifanya amelala tangu wakilala mkeka mmoja.

Alifariki Alhamisi iliyofuata, tarehe 13 Februari 2025, asubuhi, chai yake ikiwa mezani, na mashine ikiendelea kusukuma hewa isiyokuwa na mwenyewe. Amelazwa kwenye jeneza la dukani lenye skrubu za dukani, na kwa mara ya kwanza hakulitafutia kasoro.

Sasa, tangu msiba uanze, watu wazima na akili zao wamekuwa wakimshika binti mkono na kumwambia kwamba baba yake alimkubali, ila moyoni. Shangazi mtu anauliza ni nani aliyeingia huko moyoni akasikia. Hakusema. Alikuwa na siku nne na hakusema. Mtu huyu alitengeneza chombo cha kung'oa kila kilichogoma, na hakupata cha kung'oa neno moja kinywani mwake. Mtoto aliyelingoja miaka yote hiyo asilishwe uongo juu ya kaburi eti kwa sababu ninyi mnaona haya. Uongo wenu nao, angekuwepo, angeuita wa kununua, na safari hiyo angekuwa amepatia.

Marehemu ameacha mjane, ambaye anastahili kupumzika kuliko yeye. Ameacha dada mmoja, anayesoma hapa. Ameacha binti mmoja, ambaye ni fundi. Dada mtu anarudia ili na wale wa kivulini wasikie: fundi, hapo hapo neno linakwisha. Yeye ndiye mkubwa aliyebaki katika nyumba yao, na mkubwa akishasema, amesema. Kama marehemu ana pingamizi, alitoe. Tumemkalia kimya tangu Alhamisi, na tunaweza kumwongezea kidogo.

Hajapinga. Basi kaka yangu na apumzike kwa amani.