Karatasi Mia Mbili na Kumi na Sita za Mama Rwema

Kwanza mjue mnasoma maneno ya nani. Hapa Kicukiro, na Kanombe, na mpaka Kigoma nilikozaliwa, hakuna mkono unaotoa karatasi kwenye mfarishi wa viraka kama huu wangu. Ndege ikiwasha injini uwanjani Kanombe nami nikaanza kutoa, itakapopita juu ya paa letu nimeshamaliza, nimeshapiga pasi, na nimeshampungia rubani mkono kumpa pole. Jina langu ni Gatera, wa pasi. Sasa tuendelee na mwenye shughuli.

Mama Mukasine, ambaye sote tunamwita Mama Rwema, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 17 Desemba 1993, baada ya miaka ishirini na mmoja na miezi miwili ya kushona kwa mkono katika karakana yetu. Msimamizi wetu, Bwana Jean-Berchmans, alinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu yeye ana shughuli nyingi na mimi nina maneno mengi. Nilimkumbusha kwamba niliacha shule mwaka wa tano. Akasema, "Gatera, mwaka wa tano unatosha kumsifu mtu." Nimeandika kwa Kiswahili, maana ndicho tunachogombania nacho chai hapa kazini, sisi tuliotoka kila upande.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, niwaeleze kidogo. Mfarishi wetu ni wa vipande vidogo vyenye pembe sita. Kila kipande hukunjwa juu ya karatasi iliyokatwa sawasawa, kikapigwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, kisha vipande huunganishwa kimoja kimoja kwa mkono. Karatasi ndiyo inayoshika umbo. Vipande vyote vikishashikana, bandi hufumuliwa, karatasi hutolewa, halafu tunatia pamba na bitana. Karatasi zilizotolewa hazitupwi. Zinakuja kwangu, nami nawashia mkaa wa pasi. Ndivyo ilivyo hapa tangu kabla sijazaliwa.

Mama Rwema aliingia Oktoba 1972 akiwa na subana moja ya shaba ya kukingia kidole na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, huyo Rwema mwenyewe. Mtoto alikulia chini ya meza ya kukatia. Subana ile bado anayo. Imetoboka, na mama anasema tundu lake ndilo linalomwambia sindano iko wapi. Ameshona mifarishi mia tatu na zaidi: ya maharusi, ya hoteli, ya familia za askari wa Kanombe, na mmoja wa mzee aliyetaka rangi nyeusi peke yake. Mzee huyo alipoletewa alilala chini yake mara moja, akaurudisha, akasema umemzidi uzito. Tuliupima kwenye mizani ya jirani muuza maharage. Ulikuwa mwepesi kuliko yote.

Nimekaa miaka minne nikimtazama anavyofanya, nikijifanya napuliza mkaa. Huwa haanzi na kipande kizuri. Anachagua kilicho kibaya kuliko vyote, anakiweka katikati ya sakafu, kisha anakizungushia vingine bila kushona. Halafu anatoka nje. Anakaa uani, anakula ndizi yake, anarudi na kusimama mlangoni macho nusu wazi. Wakati mwingine anaondoa kipande kimoja, na shughuli ya siku inaishia hapo. Nilimwuliza kwa nini asiamue tu, maana mimi ningepanga sakafu yote kwa dakika tano. Akanijibu, "Wewe unapanga. Mimi nasubiri kijipange. Kipande kisichomtaka jirani yake kitakwambia, ukinyamaza."

Nilicheka. Lakini kuna nguo alizozinyamazia, na hapo sikucheka. Tangu vita vianze mwaka 1990, watu walizidi kuleta nguo za wasiorudi, tuzikate viraka. Mama Rwema hakati nguo hiyo siku inapoletwa. Huitandika kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, anauliza jina la mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia kiti hicho mpaka kesho yake. Mwaka jana mke wa askari mmoja alileta shati la bluu la mumewe, akilia. Kesho yake Mama Rwema alilishika kifuani, akamrudishia. "Hili bado lina joto," alisema. Mke yule alitutukana sote kwa lugha tatu. Baada ya wiki tatu mumewe alishuka kwenye lori, amekonda, hana shati. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeligusa shati lile asubuhi ile, nikitaka kuona kama ni kweli. Lilikuwa la baridi kama bati.

Sasa nije kwenye mfarishi wake mwenyewe, ambao kila mtu hapa anaujua kwa sauti.

Rwema aliondoka Septemba 1990, akawa tanboi kwenye malori ya Bujumbura. Oktoba ile, nyumba zilipoanza kukaguliwa, barua ya kutoka nje ya nchi ilitosha kumpeleka mtu kusikorudika. Rwema alikuwa akiandika kila mwezi, karatasi mbili, mwandiko wa kubana. Kuzichoma barua mama yake hakuweza. Kuziweka kabatini hakuthubutu. Basi akazikata pembe sita, kila karatasi vipande sita, akaandika namba ndogo ya penseli pembeni ili aweze kuziunganisha tena, na juu yake akakunja kitambaa cha kijani na cha manjano. Barua kumi na nane zilimfikia mpaka Aprili 1992. Kisha kimya. Na kimya kile, tangu Oktoba mwaka huu mambo yalipoharibika Burundi nako, hakuna anayepata ujasiri wa kukiulizia.

Siri hiyo aliijua Joselyne peke yake, mkataji wetu, aliyemsaidia kukata. Sisi wengine tulijua tu kwamba kuna mfarishi juu ya rafu ambao haumalizwi na haushikwi. Tena ulikuwa unanong'ona. Madirisha yamefungwa, saa saba mchana, watu wameenda kula, nao uko juu pale unachakarika taratibu, kama mtu anayefungua kurasa akitafuta mahali alipoishia. Mama Rwema alikuwa akiinua kichwa, anasikiliza, anaendelea kushona. Agosti mwaka huu, mkataba wa amani uliposainiwa, ndipo alipotangaza kwamba anastaafu. Alimwambia Joselyne kwamba atakaa kwenye kiwanja chake cha Masaka, ataufumua ule mfarishi pembe kwa pembe, na ataisoma barua ya kwanza mpaka ya mwisho kwa sauti. Hilo ndilo alilolipangia uzee wake. Hakutaja kingine, hata kuku.

Mafanikio yake mengine ni haya: amefundisha wasichana kumi na wanne, hajawahi kuchelewa, na ndiye mtu pekee aliyewahi kumfukuza Bwana Jean-Berchmans ofisini mwake mwenyewe, siku aliponunua uzi wa nailoni. Kwangu mimi alikuwa ananiita "wewe mdomo", na kila asubuhi alikuwa ananiachia nusu ya chapati juu ya bati la pasi, akisingizia ameshiba.

Mama Rwema, karakana nzima inakushukuru. Uende Masaka salama, mvua ikunyeshee shambani na isikunyeshee kitandani, miguu yako ipone, na mlango wako usigongwe ila na unayempenda.

Hapo ndipo Bwana Jean-Berchmans alitaka nimalizie. Lakini mama, leo jioni utaondoka na mfarishi wako mgongoni, na kesho utaketi na mkasi mdogo. Siwezi kukuacha ufike huko hujaambiwa.

Jumatano ya mwisho ya Novemba ulipokwenda Masaka kuangalia paa, mimi niliushusha. Nilitaka tukuage nao ukiwa umekamilika, na bitana yake, iwe zawadi. Sheria yetu ni kwamba mfarishi hautoki na karatasi ndani. Nikasema mikono ya mama imechoka, ngoja mwenye mikono aoneshe. Nilitoa zote mia mbili na kumi na sita kabla wenzangu hawajarudi kula. Hiyo ndiyo rekodi niliyojisifia hapo juu. Sina nyingine. Nikaziwashia mkaa kama karatasi zote, na kwa pasi hiyohiyo nikaupiga pasi mfarishi wako. Moshi haukupanda siku ile. Ulikaa kiunoni mwangu mpaka saa tisa.

Joselyne aliporudi akauona umelegea juu ya meza. "Gatera, karatasi umeziweka wapi?" Nikasema zipo. Ndipo aliponieleza ni za nani. Nikasema tena zipo, nazirudisha, asikwambie, nisije nikafukuzwa. Nikakata fomu kuukuu za mizigo tulizopewa uwanja wa ndege, mia mbili na kumi na sita, nikazisokomeza moja moja chini ya mikunjo. Nikaandika na namba za penseli. Ulipoushika Alhamisi ulitabasamu, maana ulichakarika. Ndani hamna kitu, mama. Ni uzito wa mizigo ya watu.

Na bado unatoa sauti saa saba, madirisha yamefungwa. Ila si ile ya kurasa. Wote wameisikia, hawajui tu kwa nini imebadilika. Sasa ni kama mtu anayetembea polepole juu ya rafu, anakokota miguu, na alichovaa kimemzidi.

Mimi kusoma kwangu ni kwa kukwama, na siku ile sikujaribu. Neno moja tu lilijisomesha lenyewe, kipande kilipojikunja ndani ya pasi. Nakurudishia hilo, maana ndilo lililobaki la Rwema. Liliandikwa inkweto. Viatu. Sijui alisema vya nani, sijui kama alikuwa anaviomba au anavileta. Wewe uliwahi kuisoma hiyo barua, labda unakumbuka. Namba yake ya penseli sikuiangalia.