Kula ya Mkono, Kula ya Mdomo

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wa rika langu, poleni na jua. Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme yaliyonipata, ila nisizidishe, maana maharage yako jikoni na harufu ikishawafikia hakuna atakayenisikiliza. Nitajitahidi. Karatasi hii ameniandikia binti yangu mkubwa. Mwandiko wangu mimi na njia aliyopita kuku ni yaleyale.

Majina sitataja. Anayejijua anajijua.

Mimi kwetu ni Mabawe, Ngara. Hapa Runazi nililetwa na ndoa. Mnakumbuka nilivyokuja, nikisema "rete maji", watoto wenu wakawa wananifuata nyuma wakicheka. Sisi kule l inatushinda, tunaifanya r. Nilipofika hapa nikakuta wenzetu Wasukuma r ndiyo inayowashinda, wanaifanya l. Nikasema basi, tumekutana. Leo naweza kulitania jambo hilo, lakini ndugu zangu, nawaambia, herufi hizo mbili ndizo zilizonimaliza.

Mume wangu aliondoka mapacha wakiwa na miezi mitano. Alisema anakwenda machimboni, atarudi mahindi yakikomaa. Mahindi yalikomaa, tukavuna, tukala, yakaisha. Simu yake mwanzoni ilikuwa inaita bila kupokelewa, baadaye ikawa haipatikani kabisa. Sikupata msiba nikalia kama mjane, wala sikupata talaka nikarudi kwetu. Nilibaki hapo katikati na watoto watatu.

Nikaanza vibarua vya kupalilia. Mnajua kazi ya kibarua ilivyo, unapimiwa ngwe yako na ukiimaliza unalipwa. Sasa mwanamke mwenye mapacha anaimaliza vipi? Nilikuwa nawalaza kwenye kitenge pembeni ya shamba. Mmoja akinyamaza, mwingine anaanza. Wenzangu wanamaliza, wananawa, mimi niko nusu. Wenye mashamba wakaanza kunikwepa. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mama, wewe nenda kwanza ukalee." Nikamuuliza nikawalee kwa kitu gani, akarudi kuwapimia wenzangu ngwe.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimtoa binti yangu shule ili ashinde nyumbani na wadogo zake. Alikuwa darasa la nne, na darasani kwao alikuwa hatoki kwenye watatu wa kwanza. Nilimwambia ni kwa wiki moja tu. Akavua sare, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki ili isishike vumbi. Wiki moja ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi, na ule mfuko ukawa unaning'inia palepale ukutani, nikiingia nauona, nikitoka nauona.

Sasa sikilizeni hapa. Bibi jirani yangu, yule Msukuma mnayemjua, jioni moja alisimama upande wa pili wa migomba akaniita.

"Mama mapacha, kesho ofisi ya kijiji kuna kula. Usikose."

"Shikamoo bibi. Kula?"

"Malahaba. Eeh, kula. Uje na watoto wakuone."

Mimi nikaelewa kula. Chakula. Siku kisima kilipozinduliwa si palipikwa pilau? Siku ile nilirudi kupanga foleni mara ya pili, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu angekuja na sufuria kabisa." Watu wakacheka. Neno lile lilinikaa kifuani kama mfupa. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna kula tena, tena nije na watoto waonekane, nikajisemea hapana. Njaa yangu siyo ngoma ya watu kuja kutazama. Nikalala na njaa yangu na heshima yangu.

Kumbe bibi alimaanisha kura. Ulikuwa mkutano wa kijiji wa kupitisha majina ya kaya zitakazopewa fedha za kusaidia watoto na mahitaji ya nyumbani. Jina linasomwa, unasimama, watu wananyoosha mikono. Langu lilisomwa mara mbili. Likaulizwa, yupo? Hayupo. Wakaendelea na mwingine. Nilipokwenda ofisini wiki iliyofuata, nikaambiwa orodha imeshapelekwa wilayani na nisubiri nyingine itakapofunguliwa. Nikauliza lini. Haikujulikana lini.

Nilirudi nyumbani. Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba nilisali. Sikusali. Nilikaa kwenye mkeka nikawatazama wale mapacha wanalia, nikawachukia. Nasema mbele yenu, niliwachukia watoto wangu. Tulikuwa tunakula muhogo mchana, jioni tunakunywa maji tuliyochemshia muhogo. Yule pacha wa pili akaanza kuvimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Zahanati wakaniambia mtoto anataka maziwa, mayai, karanga. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayekwenda kuvinunua.

Mtihani wa darasa la nne ukafika. Mwalimu wake alikuja mwenyewe kwa baiskeli, akasema nimlete hata siku mbili za mtihani tu. Siku hizo nilikuwa nimepata kibarua kwa shida, ndicho cha kununulia maziwa ya mgonjwa. Nikachagua kibarua. Binti yangu alimbeba mdogo wake mgongoni akaenda kusimama barabarani, akawatazama wenzake wakipita na kalamu zao. Sikutaka aende pale, lakini sikuwa na mdomo wa kumkataza.

Bibi jirani alimkuta hapo barabarani. Akamuuliza, akaelezwa, akaja mpaka kwangu shambani na fimbo yake. Akaniuliza kwa nini siku ile sikwenda. Nikamwambia ukweli, bibi, uliniita kwenye chakula, mimi nikaona aibu. Alicheka, jamani. Alicheka peke yake. Kisha akakaa chini kwenye tuta na kicheko kikaisha.

"Mwanangu, nimekuua kwa ulimi wangu," akasema. "Mimi nilisema kula ya mkono. Wewe umesikia kula ya mdomo."

Akanyoosha mkono juu, halafu akaupeleka mdomoni, ili nione tofauti. Nami nikamwangalia mwanamke mzima anapunga mikono katikati ya mahindi, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mume wangu aondoke.

Alhamisi yake akanileta hapa kwenye kikundi chenu cha kuweka hisa. Utaratibu wenu nilikuwa nausikia tu. Wenye watoto wadogo wanawaacha kwa mama mmoja wa zamu, wengine wanakwenda mashambani, na ngwe ya yule wa zamu wanailima wao. Unga wa uji unatoka mfuko wa jamii mnaouchangia. Kitu kizuri, lakini ni cha wanachama, na mimi sikuwa na hisa hata moja. Bibi akaomba nipokelewe hivyohivyo. Pakawa na maneno, nanyi mnayakumbuka. Mmoja alisema tukimpokea huyu kesho watakuja kumi, na hakukosea. Mwisho ikaamuliwa ipigwe kura, mimi nikaambiwa nigeuke nitazame ukuta.

Nilitazama ukuta ule pale, wenye ufa. Nyuma yangu nikasikia vitenge vikichakarika na bangili ikigonga bangili. Katibu akahesabu. Akahesabu tena. Nilijua akihesabu mara mbili ni kwamba zinakaribiana. Sikuwaza pacha wala maziwa. Niliwaza ule mfuko wa plastiki ukutani.

Nilipita kwa tofauti ya mikono miwili. Nani hakunyoosha, mpaka leo sijui na sitaki kujua. Wewe hapo nyuma, inua kichwa, mimi sina kinyongo. Hata mimi ningekuwa na kikombe kimoja cha unga, ningefikiri mara mbili.

Nisiwapambie mambo. Orodha ya kijiji haijafunguliwa, na kila nikienda ofisini naambiwa nisubiri. Baba yao hajapatikana. Pacha wa pili ametembea akiwa na miaka miwili na nusu, na nesi ananiambia nisitegemee awe sawa na mwenzake, kuna muda ambao haurudi. Usiku mwingine natazama dari naona hakuna mahali tunapokwenda. Lakini asubuhi nawapeleka mapacha kwa mama wa zamu, wanakunywa uji wenu, na mimi namaliza ngwe nzima. Hilo ndilo nililonalo la kuwaonyesha.

Kwa hiyo asanteni. Asante bibi, kwa ulimi wako ulionikosesha na miguu yako iliyonifuata. Asanteni mliolima ngwe za wenzenu ili watoto wangu washikwe. Na funzo langu ni dogo: ukiitwa mahali na hujaelewa unaitiwa nini, uliza. Aibu ya kuuliza inaisha siku hiyohiyo. Yangu ya kutouliza, mtoto wangu ndiye aliyeilipia mwaka mzima.

Maana amerudi shule. Ile sare ilikuwa imeshambana kifuani, nikaifumua pembeni. Amerudia darasa la nne na watoto anaowazidi kimo, wenzake wako mbele yake. Nyumbani haongei sana siku hizi. Ila jana nilimwomba aniandikie haya, akakaa mlangoni na daftari, mimi nikawa nasema yeye anaandika. Nikamwambia, andika hivi: siku ile nirikosa kura.

Akainua kalamu. Akaniuliza, "Ya mkono au ya mdomo, mama?"

Nikamtazama mikono yake ilivyo myembamba.

Nikamwambia, andika zote mbili.