Mama Haloo na Swali la Thamani

Ni nani kati yenu mliokaa hapa aliyeulizwa thamani zake akataja friji? Inueni mikono, msione haya, maana hata marehemu aliitaja yake, na ni jibu hilo, jibu letu sote, lililomfungia geti siku alipokuwa anapelekwa zahanati. Familia imenipa mimi kitinda mimba kazi ya kuwasomea historia hii kwa sababu, kama alivyosema shangazi jana mbele ya wageni, ndimi mwenye digrii ya mipango miji na ndimi nisiye na pa kuwahi.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Haloo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa ghala na mshona magunia, na wanaokumbuka wanasema alilia kwa sauti iliyosikika hadi lango la kiwanda. Alisoma shule ya msingi ya mtaa huohuo kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne mwaka 1978, akachukua kozi ya ukarani na upokeaji simu, na tarehe 2 Februari 1981 akaajiriwa na manispaa katika chumba cha simu, ghorofa ya chini, chumba chenye dirisha moja lililotazama maegesho, kiti kilichochanika upande wa kushoto, na kikombe cha bati ambacho ole wako ukikigusa.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wananchi, na zote alizipokea kwa maneno yaleyale, haloo, manispaa, nakusikia, ndipo likatoka hilo jina. Wa bomba lililopasuka, wa taa iliyozimika, wa paka aliyenasa mferejini, wote walisikilizwa, hata yule mzee aliyepiga kila Jumatatu kumlalamikia mbwa wa jirani huku mbwa mwenyewe alishakufa zamani, na wakubwa walipomuuliza mama kwa nini anapoteza muda na mzee yule, aliwajibu kwamba mbwa amekufa lakini mzee bado yupo.

Ni kwa simu hiyohiyo alijuana na baba yetu, fundi bomba wa manispaa, ambaye alikuwa akishamaliza kuripoti kwamba bomba limezibwa anabaki kwenye laini anahema tu, mpaka siku moja mama akamwambia, bwana fundi, kama kuna kingine kinachovuja, sema, na baba akasema ni moyo, jibu la hovyo kabisa ambalo hata hivyo liliwafikisha kwenye ndoa tarehe 20 Desemba 1986. Walijaliwa watoto watatu, dada yetu ambaye ni muuguzi mwaka 1988, kaka yetu dereva wa lori mwaka 1991, na mimi mwaka 1997. Baba alitangulia tarehe 11 Agosti 2010.

Tarehe 30 Juni 2019 chumba cha simu kilifungwa ili ziingie mashine za mradi mpya, smart city, ambao kwa lugha yetu waliuita jiji janja, na mama alicheka mpaka akashika ubavu, akauliza tangu lini mjanja akakuachia pochi yako. Alipewa cheti chenye fremu akaambiwa asante, akarudi nyumbani na kikombe chake.

Mwezi Septemba 2021 vijana wenye fulana za mradi na tableti walipita mtaani kwetu, wakisema jiji litaendeshwa kwa yale ambayo wananchi wenyewe wanayaamini na kuyajali, jambo zuri, jambo ambalo mimi nilisomeshwa miaka minne kuliamini, ila huyo aliyelitafsiri swali kutoka Kiingereza, sijui alikuwa na haraka ya chakula cha mchana, aliandika, taja thamani zako tatu kuu, na sisi mtu akituuliza thamani tunajua anauliza vitu. Jirani yetu Fundi Redio akawauliza, mnanunua au mnatoza kodi, akataja redio moja mbovu, mama wa saluni akapunguza viti vyake kutoka vinne hadi viwili, na mama yetu, ambaye hajawahi kumnyima jibu anayeuliza, akataja friji, kitanda na cherehani.

Februari 2022 tukaitwa ukumbini, projekta ikawashwa juu ya kitambaa cheupe, tukaonyeshwa kwa rangi kwamba mtaa huu unathamini mali kuliko afya, kuliko ujirani, kuliko uhuru, na kwa kuwa serikali ya jiji ni sikivu, tungepewa kamera, pamoja na mageti yanayofunguka kwa magari yaliyosajiliwa tu. Mama akasimama akasema, mwanangu, mlituuliza vyombo tukawatajia vyombo, mngetuuliza tunaogopa kumpoteza nani, hicho kitambaa chenu kisingetosha kuandika. Ofisa akatabasamu, akamwita bibi, akasema data haidanganyi, sistimu imeshafungwa, next. Ukumbi ulicheka, na mliocheka mpo hapa na leso zenu.

Mei 2023 mama aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akaanza dawa kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya geti, ambapo dada yetu anafanya kazi. Jumanne tarehe 9 Julai 2024 asubuhi, akiwa anakunja nguo, alibanwa na kifua, Fundi Redio akampakia kwenye pikapu, dada akasimama na machela mlangoni akimwona mama kwa macho yake, na geti likakataa, kwa kuwa pikapu ilikuwa na namba mpya ambayo mfumo haujaitambua. Fundi akapiga simu iliyoandikwa kwenye nguzo, namba ileile ya chumba cha mama, hawakuibadilisha, na mashine ikasema, muda wako una thamani kwetu, tafadhali subiri. Mama akaomba simu, akaiweka sikioni, akasema haloo, nani yupo, akarudia haloo kwa sauti yake ya kazini, na mashine ikamwambia tena kwamba muda wake una thamani. Majirani walilikunja geti kwa mikono wakambeba, lakini alikata roho kabla hajafika kwenye ile machela.

Kamera ambayo haikumwona mgonjwa iliwaona majirani vizuri sana, na watano kati yao wameitwa kituoni kwa kosa la kuharibu mali.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliokimbia hadi barabarani, tunawashukuru wenzake wa chumba cha simu, tunawashukuru ninyi mliokunja chuma kwa ajili yake. Faraja sina, naomba mnisamehe, nimeitafuta wiki nzima na najua kitakachofuata ni utafiti mwingine wenye fulana za rangi nyingine. Mama, laini imekatika, lala sasa, hakuna kengele itakayokuamsha.

Nanyi wa mradi, mliokaa mstari wa mbele na shada lenye nembo, futeni mashtaka ya majirani, ng'oeni geti, wekeni mtu mwenye masikio kwenye namba ile, kisha mje mtuulize upya kwa lugha tunayoisikia. Hayo ni ya kesho. La leo ni hili: kabla udongo haujatupwa, mmoja wenu asimame, aje hapa kaburini, na kwa mdomo wake, si wa mashine, amwambie mama yangu, haloo, nakusikia.