Nimeridhika Sana

Basi la sokoni lilikuwa likipanda milima ya Guizhou, huko China, na Pan, muuza tofu, alitega sikio bila aibu. Kwenye kiti cha mbele yake, mjane Luo alikuwa akimweleza shoga yake: "Wa wilayani wakipiga simu kuuliza kama msaada wa maskini unatufikia, karani wa kijiji katufundisha tujibu, 'Nimeridhika sana.'"

"Na paa waliloahidi kukutengenezea?"

"Linavuja. Lakini hawaulizi paa, mwenzangu. Wanauliza kuridhika!"

Pan aliuma mdomo asicheke. Mara simu ya Luo ikalia.

"Nimeridhika sana!" alidakia kabla hata ya salamu. Kisha uso ukamshuka.

"Wa wilayani?" shoga yake akauliza.

"Jirani. Paa limeanguka."

Basi likasimama, na simu bado inafoka: "Umeridhika na nini, wewe?"