Kibao cha Dada Yetu Kitasomeka Daktari

Ndugu wafiwa, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba. Ratiba mliyoshika ilichapwa na kitivo cha sheria alikofundisha, na humo ameandikwa "Bi." Naomba mnisikilize mimi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Shuleni alikuwa mbishi wa kusifika. Mwalimu wa hisabati alimwita Pingamizi, na jina likamganda.

Alisomea sheria, akawa wakili, kisha mwaka 1994 akarudi chuoni kufanya uzamivu. Miaka saba alipekua hukumu za wajane waliotolewa majumbani mwao, akaonyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika: wengi walihukumiwa bila kuulizwa hata swali moja. Akalitetea mbele ya watahini, akafaulu. Mama alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari, na kesho yake jirani akaja na mtoto mwenye homa. Dada aliwasindikiza zahanati, akakaa nao kwenye foleni.

Shemeji yetu, seremala aliyemwoa mwaka 1996, tangu siku alipofaulu alimwita Dokta, hata wakigombana.

Sasa kazi. Nisemeje bila kuudhi? Acha niudhi. Mkuu wa kitivo, yupo hapa, alirudi kutoka ng'ambo na shahada ya uwakili ya miaka mitatu, ambayo huko jina lake lina neno daktari. Ni shahada nzuri: unasoma, unafanya mitihani, unakwenda kutetea watu mahakamani. Utafiti kama wa dada haumo. Basi yeye akaitwa Daktari, akapewa wanafunzi wa uzamivu awasimamie. Kazi zao alisahihisha dada, sahihi akaweka yeye. Dada akabaki "Madam".

Nilimuuliza kwa nini anavumilia. Akasema, "Shahada yake siidharau. Ile inamfundisha mtu kuitumia sheria iliyopo. Yangu ilinitaka nilete kitu ambacho hakikuwepo. Kila moja na kazi yake, mdogo wangu. Kinachoniuma, kazi yangu kapewa yeye."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wodini bado alikuwa anasoma sura ya tasnifu ya mwanafunzi. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025.

Jana Mkuu alimfuata shemeji, akamtaka aondoe neno moja kwenye kibao cha kaburi, kilingane na ratiba. "Kaburini hakuna vyeo," alisema. Sawa, lakini chake kwenye ratiba kimechapwa mara mbili. Shemeji alimjibu, "Nimechonga, mheshimiwa. Sikuandika kwa chaki."

Ameacha mume, mabinti wawili, wadogo zake watatu, na wanafunzi aliowalea bila jina lake kuandikwa popote. Nyinyi wanafunzi, njooni mkibebe kibao, mkakisimike wenyewe. Mkuu akitaka kukisoma, herufi ni kubwa.

Pumzika, Daktari wetu.