Jiko la Breki na Mbavu za Jana

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya sanduku langu la kushonea viatu na meza ya Mama Kahawa. Kila alasiri wanaokaa hapo ni walewale. Yupo Nyaya, fundi umeme, ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu apate meno. Yupo Randa, seremala, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Na yupo Breki, dereva wa malori aliyestaafu, shemeji yake Randa. Alimwoa dada yake, wakakaa pamoja miaka thelathini na mmoja, na huu ni mwezi wa tatu tangu tumzike. Baada ya msiba binti yao alimtumia baba yake jiko la kuchomea nyama, aina ile isiyotaka mkaa. Linakula vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Parafujo ndefu inavisukuma kutoka kwenye sanduku lake hadi kwenye bakuli la moto, na feni ndogo inapuliza. Bila umeme ni kabati tu la bati. Wiki nzima tulikuwa tukilicheka, maana halikuwahi kupita nyuzi tisini. Kisha siku moja umeme ukakatika mtaa mzima, tangu saa nane mchana hadi giza. Kesho yake Breki alikuja amechelewa, akakaa ukingoni mwa benchi, hakuagiza kahawa.

— Vipi shemeji, nyama imeiva au bado inakimbia? — Randa akamchokoza.

— Limepanda, — akasema Breki.

— Nini kimepanda?

— Jiko. Jana. Limefika mia mbili na thelathini.

Nyaya akapiga paja.

— Si niliwaambia! Vidonge vilivuta unyevu. Nikamwambia avianike juani, mkanicheka. Haba na haba hujaza kibaba!

— Umeme haukuwepo, Nyaya.

Mama Kahawa alikuwa anamimina. Birika likabaki hewani.

— Hebu anza mwanzo, mzee, — nikamwambia, nikaweka sindano chini.

— Niliwasha saa saba. Nikaweka mbavu. Likapanda kwa kusuasua, sabini, themanini, likagoma palepale kama kawaida yake. Saa nane umeme ukaenda, feni ikanyamaza. Nikasema basi, nimeumbuka. Nikaingia ndani kutafuta sufuria nikazimalizie jikoni. Niko dirishani, nasikia bati linalia kwa joto: ta, ta, ta. Kutoka nje, naona mshale wa kwenye mfuniko unapanda. Mia. Mia na hamsini. Unapanda kama lori tupu linavyoparamia mlima.

— Hilo linajulikana, — akasema Nyaya. — Feni ikisimama, moto unarudi nyuma kupitia kwenye parafujo, unaingia sandukuni, vidonge vyote vinashika kwa mpigo. Ni hatari hiyo! Ulipofungua sanduku ulikuta majivu, si ndiyo?

— Nilikuta vidonge vimejaa. Nikatia mkono. Baridi.

— Ulitia vidole tu.

— Mpaka kiwiko.

Nyaya akajikuna kidevu.

— Moshi je? Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

— Mvua imeingiaje hapa? — akauliza Mama Kahawa.

— Ndiyo nauliza moshi, mama!

— Hapakuwa na moshi, — akasema Breki. — Wala moto sikuuona. Nilichungulia kwenye bakuli, jeusi. Joto tu.

— Basi ni upepo, — Nyaya akasema haraka. — Upepo unaingia kwa chini, unasugua bati, bati linachemka. Au chini ya ua wako pana gesi. Miaka elfu imelala hapo, inasubiri mtu aweke mbavu.

— Acha gesi, — akasema Randa. — Mbao hizo. Mti ukishapigwa na radi hauzimiki tena. Ukate, usage, ushindilie vidonge, radi imo ndani imelala. Nimewahi kuranda ubao ukanichoma kiganja, na haukuwa na hata cheche.

— Mimi naona jiko limechoka kuchekwa, — akasema Mama Kahawa. — Kitu ukikisema sana kinasikia. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tulikuwa tunaanza kucheka, Breki akasema:

— Sijamaliza.

Tukamgeukia.

— Nilirudi ndani kuchukua koleo. Dakika moja, haizidi. Narudi, mfuniko uko wazi. Mbavu nilizilaza mfupa chini. Nimezikuta mfupa juu. Geti limefungwa kwa ndani. Na upande wa pili wa jiko nasikia mtu anahesabu. Polepole. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Randa akaweka kikombe chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Marehemu hakuwahi kuamini kipimo cha mtu yeyote. Alikuwa anaweka kiganja juu ya makaa, anahesabu. Akifika nne kabla ya kukiondoa, ndipo nyama inapanda. Wote tuliokula uani kwake tulikuwa tukihesabu naye.

— Ukafanyaje? — Randa akauliza kwa sauti ndogo.

— Nilitaka kukimbia. Halafu nikaona sitaki. Nikasema, "Umekuja?"

— Akajibu?

— Hakujibu. Joto likanijia usoni, shemeji, vile mtu anavyosimama karibu yako asiseme kitu. Likakaa hapo. Kisha likatoka kidogokidogo, na mshale nao ukashuka.

Nyaya akamsogezea Breki kikombe chake cha kahawa.

— Miezi mitatu, — akasema Randa. Macho yake yalikuwa mekundu. — Mimi naye tumenyonya ziwa moja. Kila usiku nasema leo nitamwota, sijamwota. Wewe akuhesabie mpaka nne!

— Labda ni kwa kuwa wewe huna jiko, — Mama Kahawa akajaribu.

Utani ukaanguka chini, hakuna aliyeuokota.

Kwenye kigoda cha wateja wangu alikuwa ameketi mwalimu mmoja, mgeni mtaani, akisubiri nimshonee ukanda wa kiatu. Alikuwa hajasema neno tangu afike.

— Samahani kuwaingilia, wazee wangu, — akasema. — Hizo mbavu, mlizila?

Alisema "mlizila", kama vile mezani walikaa wawili. Breki hakumsahihisha.

— Nilikula nusu, — akajibu.

— Na nusu nyingine?

Breki akamtazama. Kisha akaelekeza macho upande wa uani kwake. Nyaya akageuza uso akasoma nguzo ya umeme kana kwamba imeandikwa. Mama Kahawa akainamisha birika juu ya kikombe kilichokuwa kimejaa tayari, kahawa ikamwagika mezani, asiione.

Randa ndiye aliyeinuka kwanza. Akajipangusa vumbi kifuani, mikononi, hata kwenye nyusi, kama mtu anayekwenda kumsalimia dada yake. Akamshika shemeji yake mkono, akamwinua, wakaingia kichochoro cha kwenda uani kwa Breki bila kutuaga.

Mwalimu akatugeukia sisi tuliobaki, kiatu kimoja mguuni, akisubiri tumjibu.