Pigo Lililozidi Kwenye Reli

RISALA YA WANAFUNZI WA SHULE YA SEKONDARI LIHANJE KWA MGENI RASMI, MZEE ALOIS, KATIKA MAHAFALI YA KIDATO CHA NNE

Mgeni rasmi, Mzee wetu Alois, kamwene. Umetoka Makambako alfajiri na baridi hii, nasi tumefurahi mno. Utuwie radhi kwa mlio wa chuma unaousikia nyuma ya ofisi. Huyo ni Beatha, kiranja wa kengele. Yeye ndiye angekusomea risala hii, ila amekataa kuondoka pale. Tutaeleza sababu.

HISTORIA

Shule yetu ni ya kutwa, na wengi tunapita msitu wa misindano kuja hapa. Ukungu ukitanda huoni hata mkono wako. Kwa hiyo tuna vyuma viwili. Kiranja hugonga ringi ya lori ofisini bila kupumzika, tuufuate mlio wake. Anayefika hugonga mara moja kipande cha reli kilichoning'inia getini. Kiranja hahitaji kuona mtu, anahesabu mapigo ya reli tu. Hesabu ikitimia, anaacha ringi na kuingia darasani.

MAFANIKIO

Hesabu ndiyo nguvu ya Beatha. Sisi wengine hesabu hutukimbiza mchaka mchaka, lakini yeye hajawahi kushuka chini ya themanini. Alikuwa akisoma na rafiki yake Scolastika, kitabu kimoja, na walikuwa wameapa kwenda uuguzi pamoja. Walimu wanasema akifanya mtihani wa Jumatatu, atafaulu. Tunarudia, Mgeni rasmi: akifanya.

CHANGAMOTO

Miaka miwili iliyopita, asubuhi ya ukungu kama huu, Beatha alihesabu hadi idadi ikatimia, akaacha ringi. Kumbe Scolastika alikuwa bado msituni, anaufuata mlio. Mlio ukakatika. Alikutwa kesho yake ndani ya korongo, hatua mia tatu kutoka getini. Tulimzika tukilia.

Tangu hapo, kila ukungu ukitanda, sote tukiwa tumeshakaa darasani, reli hulia mara moja. Hakuna anayeingia. Mwalimu Tarsis hakuamini. Alikwenda akaishika reli kwa mikono yote miwili, nayo ikalia hivyo hivyo mikononi mwake. Aliiachia, akaenda kunawa. Tunaogopa, hatukufichi.

Beatha yeye haogopi. Anagonga ringi mpaka ukungu uondoke, hata saa sita.

Mama Eufrasia, mzazi wa marehemu, alikuja mwenyewe kumbembeleza. "Mwanangu, mimi nimeshapokea mapenzi ya Mungu. Weka chini hicho chuma, ukafanye mtihani."

Beatha akamjibu, "Mama, amefika getini, anabisha. Nafasi yake nilimpa mtu mwingine. Nitaachaje?"

"Ulimpa nani?"

"Sijui, mama. Niliyahesabu yote na yalitimia."

Katekista amemwombea. Mwalimu mkuu amemkaripia. Yeye anasema Jumatatu kukiwa na ukungu, chumba cha mtihani haingii.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi maabara. Kengele ya umeme uliyotuletea tunaishukuru, lakini tunaomba isubiri kidogo.

Asubuhi ile ya miaka miwili iliyopita, wewe ulikuja kututembelea. Gari lako lilikwama mtoni, ukapanda kwa miguu. Ulituona tunagonga reli, ukacheka, nawe ukaigonga. Mwenzetu Yoeli alikuwa nyuma yako, alikuona. Alikuwa kidato cha kwanza, akaogopa kusema. Ametuambia juzi. Hukujua utaratibu wetu, Mzee wetu, na hakuna anayekulaumu. Wewe ulipenda kufanana na sisi, basi.

Beatha tumemwambia. Anadhani tunamdanganya ili akafanye mtihani. Anataka kulisikia kwa mwenye pigo.

Leo kabla hujafika, tulikuwa tumekaa hapa wote, wazazi na walimu, viti vimejaa. Reli ikalia mara moja. Mwalimu mkuu alidhani ni wewe, akakimbia getini na shada la maua. Hakukuta mtu. Shada ulilovaa shingoni ndilo hilo alilorudi nalo.

Ombi letu ni moja. Kabla ya kukata keki, tafadhali nenda nyuma ya ofisi, umwambie Beatha kwamba pigo lile lilikuwa lako. Alifute kwenye hesabu yake, mwenzetu aliyeko getini ahesabiwe, naye Beatha aweke chuma chini. Njia ni hiyo ya kulia. Ukungu ni mzito, lakini fuata mlio, hutapotea.

Mungu akulinde wewe na watoto wako, na kila anayetoka nyumbani kwake asubuhi afike.

Ni sisi wanafunzi wa Sekondari ya Lihanje, mia moja themanini na sita, na mmoja.